Mashua Yenye Mlango

Bata mzinga alikuwa amelala katikati ya meza ya jikoni, ubavu mmoja umeshaliwa, mafuta yake yameganda kwenye sinia kama nta. Profesa Kalju Sepamägi alikuwa akimnyofoa kwa vidole. Kila Novemba, Kituo cha Taaluma za Amerika Kaskazini cha Chuo Kikuu cha Rakvere huwaalika watu kula bata mzinga kama wafanyavyo Wamarekani, na kila Novemba ndege huyo hutoka jikoni mkavu kama kifuniko cha kitabu. Leelo Uibo alimla miaka sita mfululizo, kwanza akiwa mwanafunzi wa Sepamägi, kisha akiwa mwalimu msaidizi wake. Alipohamia Tallinn hakumtamani hata mara moja.

Wageni wa chakula cha mchana walikuwa wameshaondoka. Leelo alibaki kwa sababu alikuwa na jambo. Kesho yake angesimama ukumbini kama mpinzani. Ndivyo anavyoitwa huko mtahini anayetoka nje: kazi yake ni kuishambulia tasnifu ya udaktari hadharani, mwandishi wake akiitetea, na mwisho wa vita wote hula keki.

"Kula, mtoto," alisema Sepamägi. "Umekonda. Huko Tallinn wanawalisha nini, hewa?"

"Nimeshiba, Profesa. Nataka tuzungumze juu ya sura ya nne."

"Nilijua. Wewe tangu zamani ukipewa samaki unaanza na miiba."

"Yule mhojiwa, Salme wa Toronto, anasema kwamba siku yake ya kwanza shuleni, mwaka 1943, mama yake alimpa kohuke."

Kohuke ni kipande cha jibini laini lililotiwa sukari na kuvikwa chokoleti, kirefu kidogo kuliko kidole gumba. Hakuna mtoto wa Estonia asiyekililia dukani.

"Basi? Watoto wanapenda kohuke."

"Mwaka 1943 hakukuwa na kohuke. Zilikuja na viwanda vya maziwa vya wakati wa Warusi, vita vimeshakwisha. Salme alikimbia nchi kwa mashua mwaka 1944 akiwa na miaka saba. Hilo neno alilipata wapi?"

"Vizee huchanganya mambo. Labda alikuja kutembea, akaonja, akaipenda, akaipeleka utotoni kwake."

"Hilo nililifikiria. Nikaomba rekodi ya mahojiano. Wahojiwa wengine wote wa Ranno, mwanafunzi wako, sauti zao zipo, nimezisikiliza. Ya Salme tu ndiyo imefungwa, eti kwa ombi lake."

Sepamägi alilamba kidole gumba, akalamba cha shahada, akaendelea hivyo mpaka cha mwisho, bila haraka, kama mtu anayepanga hoja zake. Kisha akafuta mkono kwenye kitambaa cha karatasi chenye picha ya lile jani jekundu la bendera ya Kanada.

"Sikiliza. Wazee wa Toronto wameisoma sura ya nne. Wamelia. Wako tayari kukilea kituo hiki kwa fedha zao. Na mkuu wa kitivo, unamjua, anatafuta sababu ya kutuunganisha na idara ya utalii. Utalii, Leelo. Mimi nifundishe watu kutandika vitanda vya hoteli?" Alichomoa mfupa wa paja, akauangalia. "Uliza juu ya nadharia. Uliza juu ya marejeo, huwa hayakosi makosa. Kohuke tutaifuta, tutaandika pipi."

"Unajua Salme ni nani?"

"Najua kwamba kila neno pale limesemwa na mtu, na mtu huyo hakusema uongo. Hiyo inanitosha. Ingekutosha na wewe kama usingekuwa na moyo wa karani."

Akauweka mfupa mdomoni, akaunyonya.

Leelo hakuwa mwepesi wa kuhisi. Kila kitu alipenda kukihakiki kwanza. Akainuka kwenda kukihakiki na hiki.

Alimkuta Ranno Pihlak katika chumba cha makoti. Ndiye mtahiniwa mwenyewe, kijana mrefu wa miaka thelathini hivi, sweta limemlegea, kucha ameziguguna mpaka nyama. Alikuwa anajifanya anatafuta skafu iliyokuwa shingoni mwake.

"Mwalimu Uibo. Nimewasikia."

"Basi umenipunguzia kazi. Salme ni nani?"

Ranno alichungulia kwenye ujia, akarudi.

"Bibi yangu."

"Wa Toronto?"

"Wa Tudu."

Tudu ni kijiji cha misitu na vinamasi, safari ya basi moja kutoka Rakvere. Watu wa huko hawaendi Toronto. Wengi hata Tallinn hawaendi.

"Endelea," alisema Leelo.

Maneno yakamtoka kijana kama mtu aliyesubiri kuulizwa. "Nilikaa Toronto majira mawili ya joto. Nimekunywa kahawa na kila Mwestonia wa kule, mwenye meno na asiye nayo. Wote walinipa hadithi moja: mashua, Uswidi, meli, kwaya, nyumba, gari. Wameisimulia mpaka imekuwa kama sabuni ya mwisho bafuni, huwezi hata kuishika. Hakuna aliyenyamaza katikati ya sentensi. Nikarudi nyumbani. Bibi alikuwa anamenya viazi, akaanza kuongea. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia. Nikawasha simu, nikarekodi."

"Aliongea nini?"

"Siberia. Walichukuliwa na Warusi Machi 1949, yeye, mama yake na mdogo wake Uno. Alikuwa na miaka kumi na miwili."

"Na kohuke?"

"Hiyo baadaye kabisa. Aliporudi alifanya kazi kiwanda cha maziwa. Alimpa baba yangu siku ya kwanza ya shule. Mimi nikai... nikaisogeza."

"Ukaisogeza. Na yeye ukamsogeza pia, ukamtia kwenye mashua."

"Mwalimu, hiki ni kituo cha Amerika Kaskazini. Nani hapa atanipa udaktari kwa bibi aliyepelekwa Siberia? Siberia imeandikwa mpaka watu wamechoka. Nilibadilisha njia tu. Uchungu ni ule ule."

Leelo alitoa tasnifu mkobani, akafungua alipokuwa ametia kijikaratasi.

"'Uno alipokata roho, mlango ulifunguliwa, tukamshusha.' Nimeisoma sentensi hii mara nyingi. Nilidhani umekosea kutafsiri, nikatazama nyuma kwenye Kiestonia chake, nako nikakuta mlango. Mashua ipi ina mlango, Ranno?"

Kijana alianza kuifungua skafu yake.

"Ni behewa la treni," alisema Leelo. "Ulibadilisha kila kitu, ukasahau mlango."

"Alikuwa na miaka minne," alisema Ranno. "Treni iliposimama, askari aliwaruhusu wamlaze kando ya reli. Kwenye theluji. Hawakupewa muda wa kuchimba." Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti ya kutoa mada kwenye kongamano, safi, imepigwa pasi. "Ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote. Kule Toronto walipofika hapo mzee mmoja alitoka nje. Ni data nzuri sana, Mwalimu. Nzuri sana."

Leelo alifunga vifungo vya koti mpaka cha juu. Alikuwa na haja ya kufanya kitu kwa vidole vyake.

"Mwenyewe anajua?"

"Anajua nimeandika habari zake. Nilimwambia zimeandikwa kwa Kiingereza, akafurahi. Anakuja kesho. Ameshatengeneza nywele." Ranno alisogea karibu, akashusha sauti. "Niangushe ukitaka. Lakini uliza kwa Kiingereza. Tafadhali. Yeye hajui hata neno. Atadhani ni mambo ya kawaida ya chuo."

Usiku ule hotelini Leelo aliandika maoni yake kwa Kiingereza, kurasa mbili, makavu, yasiyo na mwanya. Yalitosha kumwangusha mtu. Bibi kizee angeketi mbele, angetabasamu, angerudi Tudu na basi la jioni akiamini kwamba mdogo wake yuko ndani ya kitabu cha mjukuu wake. Na kwa namna fulani angekuwepo kweli, chini ya bahari, mikononi mwa wazee wanaotoa fedha. Leelo alijaribu kuikubali picha hiyo. Haikushuka.

Asubuhi barabara zilikuwa na tope la theluji. Ukumbini zilisimama bendera tatu, ya Estonia katikati, ya Kanada na ya Marekani pembeni. Kwenye ukuta mtambo uliangaza picha ya mashua juu ya bahari ya kijivu.

Vaike Pihlak, bibi yake Ranno, alikuwa safu ya mbele, ndani ya koti la buluu lenye bruchi ya fedha kifuani, maua meupe mapajani. Nywele zake zilikuwa zimekazwa dawa kiasi kwamba alipogeuza kichwa hazikutikisika. Leelo alipopita, bibi akamshika mkono wa koti.

"Wewe ndiye mpinzani?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Usimkamue sana. Hajatia kitu tumboni toka asubuhi." Akamvuta karibu zaidi. "Ni mtoto mzuri. Mvivu wa kuosha sufuria, lakini mzuri. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, sufuria wanaiacha iloweke mpaka inaota ukungu." Akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Ile mashua ya nini?"

"Mjukuu wako atakueleza."

"Mzuri kuchagua picha. Mimi baharini hapanifai, natapika."

Ranno alitoa hotuba yake kwa Kiingereza. Aliongea vizuri, na ufasaha wake ulimchukiza Leelo kuliko kama angebabaika. Kila iliposikika 'Estonia', Vaike aliitikia kwa kichwa. Lilipotajwa jina la Uno aliinua uso, akawatazama waliokaa kushoto, akawatazama waliokaa kulia, kama mama ambaye mwanawe ameitwa jukwaani kupokea zawadi. Sepamägi, kutoka safu ya pili, aliinama akamgusa bega kwa upole.

Mkono ule juu ya bega ndio uliomaliza shauri.

Leelo aliposimama aliyaacha maoni yake mezani.

"Nitaanza na chanzo," alisema, na alisema kwa Kiestonia.

Mwenyekiti wa baraza aliinua kalamu. "Mpinzani anakumbushwa kwamba utetezi unafanyika kwa lugha ya tasnifu."

"Kanuni zinaruhusu chanzo kinukuliwe kwa lugha yake. Hiki kiko kwenye kiambatisho. Nanukuu."

Mwenyekiti alimtazama katibu, katibu akafunua kanuni, akaitikia kwa kichwa. Sepamägi alikuwa ameshaondoa mkono begani.

Leelo akasoma, bila kupandisha wala kushusha sauti: "'Tulikuwa baharini siku ya nne. Mama alimfunika Uno kwa shali yake ya sufi, ile yenye pindo jekundu. Uno aliomba maji, na maji hayakuwepo. Uno alipokata roho, mlango ulifunguliwa, tukamshusha. Mawimbi yakamchukua.'" Akaweka tasnifu chini. "Ninamuuliza mtahiniwa: huyu ni mtoto wa nani, na alifia wapi?"

Ranno alishika kingo za meza. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wanaojua Kiestonia, na karibu wote walidhani swali ni la kiufundi. Mmoja alikohoa.

"Rudia hapo," alisema Vaike.

"Mama," alisema mwenyekiti, "wasikilizaji watapewa nafasi mwishoni."

"Sikuulizi wewe. Binti, rudia hapo pa shali."

Leelo akarudia, toka shali mpaka mawimbi. Vaike alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza daktari. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida ya kuongea mezani:

"Huyo siye Uno. Uno hakuwahi kuiona bahari."

"Bibi," alisema Ranno, "nitakueleza nyumbani."

"Nieleze hapa. Si ndipo ulipomzamisha?"

"Ni mbinu ya... ni namna ya kuandika. Ili watu wa mbali waelewe."

"Wasichoelewa ni nini? Mtoto aliomba maji, hakupata, akafa. Mtu wa mbali hapo anakwama wapi?"

Sepamägi alisimama, akafunga kifungo cha koti lake, akaweka uso wa msibani. "Bibi yetu mpendwa, ni desturi ya sayansi kubadilisha mambo fulani ili kumlinda mhusika. Ni kwa heshima yako."

Vaike alimtazama kwa muda, viatu kwanza, uso baadaye.

"Jina lake mmeliacha," alisema. "Mngebadilisha jina, mkamwacha alipolala."

Vaike aliangalia maua mapajani, kama amekumbuka kitu alichotumwa. Yalikuwa saba. Akachomoa moja, akaliweka kwenye kiti kitupu kando yake, akayapanga sita yaliyobaki, akayakaza tena uzi. Kila mtu mle ukumbini alielewa. Maua ya pongezi ni ya hesabu witiri. Ya shufwa hupelekwa makaburini. Mwanamke mmoja nyuma alisema "Ee Mungu" chini kwa chini, na mwenyekiti akatangaza mapumziko.

Leelo alimfuata Vaike mpaka kwenye ujia. Meza ilikuwa imeshaandaliwa kule: kahawa, mkate mweusi wenye samaki wadogo na yai, keki kubwa iliyosukwa iliyoandikwa 'Hongera Daktari' kwa sukari. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya bata wa jana aliyekuwa akipashwa moto upya. Vaike alikuwa anahangaika na mkono wa pili wa koti la mvua. Leelo akamsaidia.

"Samahani, bibi. Ilibidi ujue."

"Ilibidi." Vaike aliupata mkono wa koti. "Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu jana mchana."

"Jana mchana." Akafunga vifungo, polepole. "Tudu kuna basi. Kuna simu. Nina simu mpaka ya mkononi, mjukuu wangu alininunulia. Ungekuja, ningekupikia chai, ungenisomea jikoni kwangu, ningelia nikanyamaza. Kisha kama ni kuja huku kumwaibisha ningekuja mwenyewe, kwa miguu yangu. Au nisingekuja."

Leelo alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu usiku: mpinzani haruhusiwi kuwasiliana na upande wa mtahiniwa kabla ya utetezi. Lilikuwa jibu sahihi. Lilifika mpaka kwenye meno, na hapo akalisikia lilivyonuka.

"Ndiyo," alisema.

"Nilimwona huyo mwenye tumbo akinigusa bega, nikasema hawa wananijali. Kumbe mmoja alinitaka nisielewe, na mwingine alinitaka nielewe mbele za watu." Vaike alichukua maua yake. "Wasomi nyie, hamuwezi kumwona mtu bila kumtia kazini."

Ranno alikuwa ametokea mlangoni mwa ukumbi. Hakuwa na koti.

"Bibi, ngoja. Wanapiga kura sasa hivi. Wakinipitisha nitairekebisha sura yote, nitaapa mbele ya—"

"Basi nenda kapigiwe kura."

Akaanza kushuka ngazi za nje. Zilikuwa zimetiwa mchanga nusu tu, na nusu nyingine barafu. Ranno alitazama ukumbi, akatazama ngazi, kisha akatelemka mbio akanyoosha mkono. Vaike hakuupokea. Alishika chuma, akashuka kwa kutanguliza mguu uleule kila ngazi, na mjukuu akabaki nyuma yake, mkono bado umenyooshwa, kama mtu anayeomba.

Leelo aliporudi ndani, mambo yalikuwa yameshapangwa. Sepamägi alikuwa ameliinamia baraza, akizungumza kwa ile sauti ya kirafiki aliyokuwa akiitumia zamani kuwatuliza wanafunzi waliofeli. Sura ya nne iondolewe. Zilizobaki ni imara, mpinzani mwenyewe hakuzigusa. Wazee wa Toronto wataandikiwa kwamba familia imeomba faragha. Kuna mtu aliyepinga? Mjumbe mmoja aliuliza kama keki itakatwa kabla au baada. Mwenyekiti akasema kwamba kwa hali ilivyo yeye haoni kizuizi, mtahiniwa aingie asikilize uamuzi.

Katibu alitoka, akarudi.

"Hayupo."

"Mwite."

"Nimemwona dirishani. Yupo kituo cha basi. Wako wawili, yeye amesimama, bibi amekaa."

Leelo akaenda dirishani. Ilikuwa kweli. Bibi kizee alikuwa ameketi chini ya kibanda na maua yake sita, akitazama upande basi linakotokea. Kijana alisimama nje ya kibanda, kwenye theluji ya maji, ana sweta tu, kana kwamba ameambiwa asiingie.

"Mtahiniwa asipokuwepo hatuwezi kutangaza," alisema mwenyekiti. "Kikao kinavunjika. Lazima iandikwe sababu."

"Andika ameugua ghafla," alisema Sepamägi kwa katibu. "Mshtuko. Ni kweli kabisa, mnaona wenyewe hali yake. Tutapanga siku nyingine mwezi wa pili, bila vurugu." Akageuka kwa Leelo, akatabasamu, na kwenye jino la pembeni kulikuwa na uzi wa nyama. "Na mpinzani tutatafuta mwingine, Leelo asisumbuke na treni."

Katibu alianza kuandika.

"Hakuugua," alisema Leelo. "Andika ameondoka na bibi yake."

Kalamu ikasimama. Katibu alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akamtazama Sepamägi, na nje basi la Tudu likawasha taa, likasimama, likafungua mlango wake. Bibi aliingia. Kijana alingoja chini mpaka mkono wenye maua meupe kutoka ndani ulipompungia, kwa hasira, aingie, na dereva afunge, baridi inaingia.

"Ameshaondoka," alisema Leelo. "Sasa unaweza kuandika."